Ratiba ya Lentekhi

Daktari Babluani alipostaafu aliniachia funguo kumi na moja,
kiti kilichoinama upande wa kushoto,
na neno moja: "Wasikuone ukisita."

Nikajitahidi nisisite.
Kabla chai haijapoa nimekwisha kuulizwa mara kumi na tisa.
Glavu zimebaki boksi mbili, tuzifungue au tuzifiche?
Mzee wa chumba cha nne hataki uji,
anataka mkate wa jibini wa binti yake,
na moyo wake hautaki chumvi. Nani atamwambia?
Boila inakohoa. Fomu ya wizara haina saini.
Jumberi wa ambulensi ana matairi matatu ya theluji,
la nne liko Kutaisi,
na Kutaisi iko nyuma ya milima.
Nilijibu nikitembea, nilijibu nikinawa mikono,
nilijibu kupitia mlango wa choo.
Nikadhani ndiyo maana ya kuwa mganga mkuu:
uwe kisima, kila mtu aje na ndoo yake.

Februari, ndoo zikaanza kupanda na matope.

Wauguzi watatu waliomba kuacha zamu za usiku,
wiki moja, barua tatu.
Nikaandika ratiba mpya kwa wino mwekundu,
nikaibandika ukutani kama hukumu.
Makvala aliisoma koti likiwa begani.
Hakusema kitu. Akaenda kumpima mgonjwa presha.
Ningependa kama angenitukana.

Usiku ule theluji iliporomoka ikaziba barabara ya korongoni.
Hakuna aliyekufa. Nalisema mapema,
maana hadithi za madaktari hupenda jeneza.
Aliletwa mtoto wa pumu, amefungwa blanketi la farasi,
tukampa mvuke, tukakesha naye,
alfajiri akaomba peremende.
Pumu naijua. Dozi zake nazijua hata usingizini.
Lakini kwa nini watu wema wanachoka wote kwa pamoja,
hilo halimo kwenye jedwali la dozi.

Asubuhi nikaibandua ratiba,
nikaigeuza upande mweupe juu ya meza ya jikoni,
kati ya maganda ya mayai na vikombe.
Nikasema: "Sijui."
Neno dogo, lakini lilinikwaruza koo.
Jumberi akatazama buti zake.
Mtu wa maabara akakoroga chai isiyo na sukari.
Nikang'ata ulimi nisijibu swali langu mwenyewe.

Ndipo Ketino, aliyekuwa anapiga deki mlangoni,
akasimamisha fagio lake.
"Zamu ya usiku inaisha saa kumi na mbili," akasema.
"Basi la bondeni linapita saa mbili kasorobo.
Wanalala kwenye chumba cha mashuka, juu ya mifuko.
Mimi ndiye huwafunika."
"Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"
"Hukuuliza, daktari. Ulikuwa unajibu."

Tukaisogeza saa.
Jumatano ikaharibika: maabara ikabaki haina mtu,
damu ya watu wawili ikaganda ikisubiri.
Nililaumiwa, na lawama ilikuwa ya haki.
Tukakaa tena, tukaisogeza tena, kwa penseli safari hii,
Makvala akiwa ndiye mwenye kifutio.
Mambo mengine tuliyafuta mara nne.
Mengine yanauma mpaka leo:
yupo aliyependa wino mwekundu,
ambao angalau ulimpa mtu wa kumchukia.

Mwezi wa nne Babluani alikuja kupimwa presha.
Akasimama mbele ya ule ukuta,
karatasi imejaa mikwaruzo, mishale, jina la Ketino pembeni.
"Hii ni ratiba, au wajukuu wangu wamepita hapa?"

Nikasita.
Nikamwacha anione nikisita.

Kisha nikamwomba akunje mkono wa shati.
Presha yake ilikuwa juu kidogo.
Tairi la nne bado liko Kutaisi.